UZI: Hadithi zetu zote zinatokea "katika kijiji kimoja". Tunaoandika Unguja na Pemba njooni tuzungumze

binti_konde (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wadau. Uzi mrefu huu, mwenye chai aisogeze karibu.

Mie mtu wa Pemba, Konde, ila mwaka wa tisa huu naishi Unguja upande wa Mwanakwerekwe. Naandika hadithi za kuendelea, nyengine naziweka kwenye blogu yangu nyengine natuma kwenye magrupu sehemu kwa sehemu. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kusoma hadithi za vijana kwenye grupu moja la waandishi, zilikuwa kama thalathini hivi, nikazisoma zote kwa simu usiku watoto wakishalala, na nilipomaliza usingizi ukanikataa. Ziliniuma. Lugha wanayo, wengine wana lugha mpaka unaona wivu. Kilichoniuma ni kwamba karibu zote zinatokea "katika kijiji kimoja".

Kijiji gani? Hakisemwi. Kuna msichana mrembo, maisha yake magumu, siku moja anakwenda mjini. Mji gani? Mjini tu. Anapata kazi "katika kampuni moja" halafu anakutana na kijana mtanashati. Unasoma weee mpaka kidole kinachoka kusukuma kioo na hujaona hata sufuria, hujui watu hawa wanakula nini, hujui kama ni kusi au kaskazi, hujui nyumba ina ukumbi au haina. Na walioandika ni watoto wa Micheweni, wa Nungwi, wa Makunduchi, watu waliokulia katika mambo ambayo mgeni angekesha akiyasikiliza.

Nimefikiri sana kwa nini. Moja ni skuli. Tulifundishwa insha ianze "hapo zamani za kale", tutie methali tatu ili tupate alama, na tumalize kwa funzo. Hilo ni rahisi kuliacha ukishaligundua. La pili ndio zito, nalo ni woga wa kujulikana. Visiwa vyetu vidogo jamani. Ukiandika mwanamke wa Mtambwe mwenye watoto sita na mume baharia, kabla ya magharibi watu washamtaja jina. Kwa hiyo mtu anaamua kufuta kila kitu, anafuta mahala, anafuta kazi, anafuta chakula, anafuta hata mvua, kinabaki kijiji kimoja.

Rai yangu ni hii na ndio nimefungulia uzi: kitu kiandike wazi, mtu ndio umfiche. Sie tunafanya kinyume, tunaficha vitu halafu watu tunawaacha.

Niwape mfano. Kuna kijana mmoja kwenye zile hadithi kaandika "baba yake alikuwa mkulima wa karafuu", nukta, akaendelea na mapenzi. Nikampigia simu nikamwambia hebu nisimulie karafuu kama vile mie mtu wa mbali sijaiona. Kanieleza nusu saa nzima. Kwamba yeye alikuwa akipandishwa juu kwa sababu mwepesi, na mkarafuu hauna huruma, tawi lake linakatika ghafla tu bila kulia kwanza, si kama mti mwengine unaokupa onyo. Kwamba usiku wanakaa ukumbini na watoto wa jirani kuchambua, karafuu huku makonyo kule, vidole vinakuwa vyeusi na ile harufu haitoki, ukila wali unaula na karafuu. Kwamba siku za kuanika hakuna anayekwenda mbali na jamvi kwa sababu wingu likija ni mbio, ikirowa na kukaa hivyo inapauka na bei inaanguka. Kwamba babaake alikuwa akiivunja moja kwa kucha kila jioni, akisikia inalia "ta" ndio anajua imekauka.

Sasa hiyo karafuu inayovunjwa kwa kucha kila jioni, huyo ni baba mzima. Nimemuona. Nimejua ni mtu wa subira, nimejua ana wasiwasi wa fedha, na wala hakuniambia jina lake wala kijiji chake. Nikamuuliza mbona hukuandika haya? Kanijibu, "Dada, si mambo ya kawaida haya, nani hayajui?"

Hapo ndio pa kuanzia. Lile unaloona la kawaida mpaka huoni haja ya kulisema, hilo hilo.

Na nnavyojipima mie: namsomea mamaangu kwa sauti wakati anakuna nazi. Simwambii nataka maoni, namsomea tu. Mbuzi inakwenda "kwaru kwaru". Ikinyamaza najua nimemshika. Ikizidi mbio najua hapo nimejaza maneno, nakwenda kuyakata. Karibuni, kila mtu atoe lake.

---

karani77

Bibie uzi mzuri lakini naomba nipinge kidogo. Ukiingia kwenye "mambo ya kwetu" utaingia na lugha ya kwetu, na hapo unapoteza wasomaji. Mie nilishatuma hadithi kwenye mashindano, nikaandika tungule, nikaandika mbatata, nikaandika boflo, ikarudi na alama kila mahala kuwa sio Kiswahili sanifu. Na blogu yangu wasomaji wengi ni wa Bara na Kenya, wananiuliza tungule ndio nini. Sasa niandike nyanya nieleweke au niandike tungule nijifurahishe peke yangu?

Halafu kuna wanaozidisha, kila neno wanaliandika linavyotamkwa, n'fanye n'nini s'jui, unasoma ukurasa mmoja kichwa kinauma.

---

binti_konde

karani77 pole sana, na hilo la mwisho tupo pamoja kabisa.

Lakini tungule mie siitoi. Andika "alikata tungule mbili na kitunguu akazikamulia ndimu", niambie mtu gani wa Nakuru au Mwanza hatojua tungule ni nini hapo? Hujaeleza kitu, kisu na kitunguu vimekuelezea. Kinachomchosha msomaji ni neno geni lililosimama peke yake bila kazi ya kufanya. Lipe kazi.

Na tusijidharau. Hicho Kiswahili sanifu chenyewe kimejengwa juu ya Kiunguja, ndio lahaja iliyochaguliwa kwenye ule mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Na lahaja zetu nyengine BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, washazitolea makamusi, Kipemba, Kitumbatu, Kimakunduchi. Kwa hiyo ukiambiwa tungule ni kosa, jibu unalo.

Mie ninachofanya: msimulizi wangu anasema sanifu ya kawaida, lakini watu wangu wakifungua mdomo wanasema kama wanavyosema. Na hapo pia situmii kila kitu. Mtu wa Pemba simwandikii kila silabi, nachukua alama mbili tatu zinazotosha, "kenda" badala ya amekwenda, "yakhe" mara moja moja, na ule mpangilio wa sentensi, maana Mpemba hata akitumia maneno ya sanifu matupu utamjua kwa anavyoyapanga. Sikio la msomaji linamalizia lenyewe.

Hili la midomo nalitilia mkazo kwa sababu kwenye zile hadithi thalathini bibi wa miaka sabini na mjukuu wa skuli wanasema sawasawa, wote kama taarifa ya habari. "Mjukuu wangu, ninapenda kukufahamisha kwamba…" Bibi gani huyo?

---

mwani_na_bamvua

Nami nichangie, mie mtu wa Jambiani, mamaangu analima mwani tangu ulipoanza kulimwa kibiashara huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, nilikuwa mdogo.

Dada kasema tuandike vitu wazi, naongeza: tuviandike sawa. Nimesoma hadithi moja mtandaoni, nzuri, imesifiwa sana, mwanamke analima mwani pwani ya mashariki, kila siku alfajiri anakwenda shambani kwake baharini, wiki nzima, mwezi mzima. Niliacha kusoma hapo hapo. Mwani haendwi kila siku! Unakwenda bamvua, maji yanapotoka mpaka mbali, na bamvua huku kwetu maji yanakauka asubuhi kuelekea saa nne saa tano, jua ndio linapanda. Maji mafu yakija hakuna shamba, bahari imekaa juu yake, mnakaa nyumbani mnafunga mbegu kwenye kamba, mnasuka ukili, mnasengenyana. Mwandishi angejua hilo angepata hadithi mara mbili, maana maisha ya mwanamke wa mwani yana siku za mbio na siku za kungoja, na ugomvi wote wa nyumbani hutokea siku za kungoja. Nakwambieni mie niliyekulia humo.

Vivyo hivyo upepo. Mtu kaandika jahazi linaondoka Unguja kwenda Mombasa "likisukumwa na kaskazi". Kaskazi inatoka kaskazini, itakusukumaje uende kaskazini? Kwenda Mombasa ungoje kusi. Mvuvi akisoma hiyo anakufungia kitabu na wewe hutojua umempoteza.

Kwa hiyo kabla hujaandika kazi ya mtu nenda ukakae naye. Usimuulize maswali ya mwandishi wa habari, msaidie kazi. Ukishika taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, ukafunga mbegu kamba moja nzima mgongo ukauma, ndio utajua cha kuandika. Na mwambie kweli kwamba unaandika, usimuibie.

---

mgeni_wa_kalamu

Shikamooni wakubwa zangu. Mie nimeanza kuandika mwaka huu, niko Pemba, nasoma. Naomba kuuliza hilo la kuficha mtu. Dada binti_konde umesema mtu afichwe, anafichwaje? Maana nikiandika mama, kila mtu atasema ni mamaangu. Nikiandika binti kaachwa, wataniuliza mie nimeachwa na nani. Ndio maana naandika kijiji kimoja kwa kweli, naogopa. Na nyumbani wakijua itakuwa tabu.

---

binti_konde

Mdogo wangu marahaba. Swali lako ndio uzi wenyewe, nitakujibu kwa urefu, na nitasema kitu ambacho sijakisema hadharani.

Miaka mitatu nyuma niliandika hadithi ya mwanamke aliyeuza bangili zake za harusi kumlipia mtoto nauli ya kwenda kusoma, mumewe asijue. Kisa hicho nilikipata kwa shangazi yangu, alinisimulia mwenyewe usiku mmoja tuko wawili, umeme umekatika. Nikakibadilisha, nikadhani nimekibadilisha. Jina sio lake, nikampeleka Unguja, nikampa mume fundi seremala badala ya dereva, watoto nikapunguza. Nikatuma sehemu ya kwanza, ya pili, watu wanapenda, naambiwa tuletee ya tatu.

Shangazi hajui kusoma vizuri, wajukuu wakamsomea. Siku ya pili akanipigia. Kakaa kimya kwenye simu, halafu kasema, "Mwanangu, umeniandika."

Wamemjua vipi? Kwa kauli yake. Shangazi kila akimaliza jambo, iwe kuosha vyombo iwe msiba, anasema "na hili nalo tushalivuka". Nililiacha lile neno mdomoni mwa yule mwanamke kwa sababu nalipenda mno, nikaona bila ya hilo hadithi haina roho. Mtaa mzima ukamjua. Mtu hujulikana kwa kauli yake kabla ya jina lake, hilo sikulijua, nilibadilisha kila kitu nikaiacha sauti.

Na kilichomuumiza sicho nilichodhani. Umasikini hakujali, bangili hakujali. Alijali kwamba mumewe yupo hai, yuko pale pale barazani, na sasa anasomewa na watu kwamba miaka yote alikuwa hajui. Siri ilikuwa ya watu wawili, mie nikaifanya ya magrupu.

Niliitoa. Nikapanda meli, nikaenda na sukari na doti ya khanga, nikakaa kwake siku tatu. Tukazungumza. Hakunikataza kuandika, aliniambia tu kipi kiondoke.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Simchukui mtu mmoja mzima mzima. Huyu namchukulia kazi, yule tabia, wa tatu msiba wake, na kauli natunga mwenyewe, tena nakaa nayo siku kadhaa mpaka niwe na hakika siyo ya mtu ninayemjua. Nikiwa na kisa cha kweli najiuliza siri iko wapi hasa, nani hajui nini, hapo ndipo nabadilisha, kwa sababu siri ikishabadilika hata wakimhisi mtu hawawezi kumdhuru. Aliyekuwa hajui ni mume, namfanya mama mkwe, au namfanya mtoto. Na ukifanya hivyo hadithi inakwenda njia yake, siyo njia ya yule mtu, mara nyingi inakuwa nzuri zaidi kwa sababu sasa unalazimika kufikiri.

Kisa kikiwa hakibadiliki bila kufa, basi naomba ruhusa. Nikinyimwa naacha. Ninavyo viwili nimenyimwa, vizuri kweli, viko moyoni tu.

Na hilo la watu kudhani ni wewe, mdogo wangu, hilo halina dawa. Watasema. Lakini ukiandika mtu mwenye kazi yake ambayo wewe hujaifanya, umri wake ambao wewe huna, na hofu zake, taratibu wanamsahau mwandishi wanamfuata yeye.

---

mzee_wa_barza

Wanangu nimesoma yote, Mungu awabariki. Mimi si mwandishi wa hadithi, nimefanya kazi ya kuhariri maandishi ya watu miaka mingi kabla ya kustaafu, niseme machache.

Binti kasema anamsomea mama akikuna nazi. Hiyo ndiyo shule. Sisi ni watu wa masikio, hadithi zetu zilikuwa na "paukwa" na "pakawa", msimulizi alikuwa hawezi kwenda mbele bila kuitikiwa, akipoteza watu anaona papo hapo, mmoja kalala mwengine kaondoka. Aliyekaa na simu peke yake haoni. Kwa hiyo soma kwa sauti, hata kama huna wa kumsomea jisomee mwenyewe. Ukikata pumzi kabla ya nukta, hiyo sentensi igawe. Ukiona haya kuitamka, hiyo ifute.

La pili, mwanzo. Nimehariri kazi nyingi, na nyingi mwanzo wake halisi ulikuwa ukurasa wa tatu. Kurasa mbili za kwanza mwandishi alikuwa anapasha moto. Hakuna ubaya, pasha moto, kisha zikate.

La tatu, msitume siku ile ile. Hadithi iliyoandikwa leo unaisoma kwa moyo, ukiilaza siku nne tano unaisoma kwa macho. Najua magrupu yanasukuma, "tuletee muendelezo", lakini andika sehemu tatu mbele kabla hujatuma ya kwanza, utapumua.

Na methali. Ziko za watu wazima kwenye mazungumzo, ziacheni huko. Mwandishi anayezitia yeye mwenyewe kila aya anamsimamisha msomaji njiani.

---

jikoni_mwetu

Mnazungumza hadithi, na sie wa blogu? Mie naandika mapishi ya Kizanzibari mwaka wa nne, na niwaambieni hii ya "kijiji kimoja" ipo na kwetu, inaitwa "kiasi". Tui kiasi, hamira kiasi, iliki kiasi. Niliandika mkate wa kumimina hivyo hivyo nnavyoambiwa na mama, akaniandikia dada mmoja yuko Muscat, bibi yake alikuwa mtu wa Unguja, anataka kuupika kwa ajili ya kumbukumbu ya bibi na umemkatalia mara tatu. Kaniuliza, kiasi ndio kiasi gani? Nilitamani kulia. Nikaenda na kikombe nikasimama kwa mama, kila anachotia nakipokea nakipima kwanza, vikombe vya mchele uliorowekwa, tui zito linavyotakiwa kufunika, muda wa kuumuka unavyobadilika siku ya baridi, moto wa juu na wa chini. Mama kachukia namchelewesha. Lakini makala ile ndio inayosomwa kuliko zote mpaka leo, na yule dada alituma picha.

Nilichojifunza chengine: kichwa cha makala kiwe jina la kitu. Nilikuwa naandika "Utamu wa nyumbani kwetu", nani atatafuta hivyo? Mtu anaandika "mkate wa kumimina". Na usimuanzie salamu na historia yako, yuko jikoni, mkono una unga, bando linakwisha. Anza na chakula, simulizi ya bibi iweke chini, atakayeitaka atashuka. Aya fupi, kwa sababu simu nyembamba, aya ya mistari kumi kwenye kompyuta ni ukuta mzima kwenye simu.

---

karani77

Asanteni, la tungule nimelikubali. Swali dogo nje kidogo, hadithi yangu mtu kaichukua kaituma kwa jina lake. Mnafanyaje?

---

mzee_wa_barza

karani77 pole. Haki ni yako tangu ulipoiandika, lakini utatakiwa kuonesha. Weka rasimu zako zenye tarehe, usifute. Kwetu ofisi ni COSOZA, chini ya sheria ya hakimiliki ya 2003, Bara wana COSOTA, nenda ukasajili kazi zako. Na ujue kinacholindwa ni maandishi yako, wazo tupu halina mwenyewe.

---

mgeni_wa_kalamu

Dada binti_konde nimesoma jibu lako mara tatu. Naomba niweke mwanzo wa hadithi yangu mnisaidie, msiionee haya:

"Katika kijiji kimoja aliishi msichana mrembo aitwaye Zuhura. Maisha yao yalikuwa magumu sana. Siku moja Zuhura aliamua kwenda mjini kutafuta maisha. Wazazi wake walihuzunika sana."

---

binti_konde

Asante kwa kutuamini. Nakuuliza tu, usinijibu kwa hadithi, nijibu kama tunazungumza. Kaondokea wapi?

---

mgeni_wa_kalamu

Mkoani hapa Pemba, gatini. Kwa meli.

---

mwani_na_bamvua

Kabeba nini mkononi?

---

mgeni_wa_kalamu

Kikapu. Mamaake kamtilia maandazi na asali.

---

mzee_wa_barza

Na "walihuzunika sana" inaonekanaje? Mama kafanya nini? Baba kafanya nini?

---

mgeni_wa_kalamu

Ngojeni wakubwa zangu. Narudi.

---

mgeni_wa_kalamu

Nimeikalia siku nne kama alivyosema mzee. Hii hapa:

"Meli ilipopiga honi ya pili Zuhura alikuwa bado kakishika kikapu, na mamaake naye hajakiachia. 'Maandazi yaliwe leo,' mama alisema, 'asali iweke.' Alisema hivyo mara tatu. Watu walikuwa wakiwapita na magunia kichwani, mchukuzi mmoja akawaambia wasogee, wakasogea wote wawili na kikapu katikati yao. Baba alisema tangu jana usiku kwamba yeye gatini haji, ana kazi zake, na kweli hakuja. Lakini Zuhura alipoinama kuufunga ukanda wa kiatu, chini ya lile gari la mchanga lililoegeshwa karibu na geti aliona miguu ya mtu kasimama upande wa pili. Kandambili moja ya buluu, moja nyekundu. Mkoani nzima hakuna mwengine anayevaa hivyo."

---

karani77

Subhanallah. Sasa alimwita au alipanda tu?

---

jikoni_mwetu

Nimesoma nimesimama. "Maandazi yaliwe leo, asali iweke." Ndio mama huyo.

---

binti_konde

Mdogo wangu sina cha kukata hapo. Ila nakuuliza kitu kimoja, na ukitaka nijibu pembeni. Hizo kandambili ni za mtu wa kweli?

---

mgeni_wa_kalamu

Ndio dada. Ni za babaangu, dadaangu alipoondoka. Nilipokuwa nasoma jibu lako ulilonipa kuhusu siri, nikaona siwezi kuituma kwengine bila yeye kujua, kwa sababu yeye mpaka leo anasema hakwenda gatini. Jana baada ya magharibi nikamsomea. Nilisoma polepole, mkono unatetemeka. Kanyamaza muda mrefu mpaka nikajua kakasirika, anaangalia nje tu. Halafu kasema moja ilikuwa nyeusi, siyo nyekundu, na akaniambia nimsomee tena kuanzia pale kwenye honi.